Ndege Niliyoizuia Chini ya Mtae

Siku mliyoniaga ofisini, mmoja wenu aliniuliza nawaachia nini. Nikamjibu kwamba nawaachia kabati lisilofungika, mkacheka, tukala keki. Sasa nina miezi minne nyumbani Lushoto. Asubuhi ukungu hauondoki bondeni mpaka saa nne, migomba yangu haina haraka, na nimepata nafasi ya kulijibu swali lile kama lilivyostahili. Habari za vyeo nimeziacha. Ziko kwenye faili na hazijamsaidia mtu. Nitaeleza kazi yenyewe, na siku moja ya kazi hiyo ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuisikia yote.

Mtu akisikia wewe ni mkaguzi wa ndege, anafikiria zile kubwa zenye ratiba na wahudumu wenye skafu. Mimi miaka yangu yote nimezunguka na ndogo: za mashamba, za misheni, za kukodi, na za matajiri wanaopenda kuruka Jumamosi. Ndege isiyo na ratiba huruka rubani akitaka, kutoka kiwanja cha nyasi ambacho jana yake kilikuwa malisho ya mbuzi. Hakuna mnara wa kuiongoza wala umati wa kuisubiri. Ikichelewa, wa kwanza kushtuka ni mke wa rubani.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto la pwani. Nilifika kwake na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una tambara?"

Sikuwa na tambara. Aliweka bahasha yangu pembeni bila kuifungua, akanipa kipande cha shuka kuukuu, tochi, na kioo kidogo chenye mpini mrefu kama cha daktari wa meno. Tukaenda kwenye ndege ya injini moja iliyokuwa imeegeshwa uani. "Futa chini ya injini," akasema, "halafu nusa." Wiki nzima nilifuta na kunusa, mpaka nikaweza kutofautisha oili iliyochoka na oili ya jana, na mafuta yanayovuja na mafuta yaliyomwagika tu wakati wa kujaza.

Alinifundisha kukinga mafuta kwenye glasi kabla ya safari na kuangalia maji yaliyotuama chini. Alinifundisha nisimwulize abiria uzito wake, kwa maana mwanamume huongeza na mwanamke hupunguza; nimpandishe kwenye mizani, pamoja na mzigo wake. Na alinifundisha kusoma kitabu cha safari za ndege. "Kitabu cha kweli ni kichafu," alisema. "Kina wino wa aina tatu na alama za vidole. Ukiona mwezi mzima umeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mzuri, jua kimeandikwa jana, kwa ajili yako."

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni tofauti ya ndege binafsi na ndege ya kukodi. Nilidhani ni maneno ya wanasheria. Mzee Mhina alinieleza siku moja tukila wali. Ndege binafsi, alisema, ni kama jiko la nyumbani kwako: pika utakavyo, kula na wageni wako. Siku ukiuza sahani moja, umekuwa mwenye hoteli, na bwana afya ana haki ya kuingia. Anayetoa chochote ili apandishwe, hata jogoo, anastahili rubani mwenye leseni ya biashara, injini inayofunguliwa na kukarabatiwa kwa wakati, na bima. "Halafu kuna hili ambalo halimo kwenye kanuni," akaongeza. "Rubani aliyepokea kitu cha mtu huona haya kugeuza ndege."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilielewa baadaye, kwenye milima iliyo juu ya Muheza.

Kulikuwa na mwenye ndege mmoja, mtu mchangamfu, mwenye kahawa nzuri kwenye chupa. Leseni yake ilikuwa ya rubani binafsi. Siku moja nilimkuta kiwanjani na watu watatu wenye mizigo ya safari, na mmoja wao akanivuta pembeni kuniuliza, "Samahani, huyu rubani anaitwa nani?" Mgeni wa mtu hawezi kutolijua jina la mwenyeji wake. Nilijua pale pale kwamba wamelipa. Lakini kahawa yake nilikuwa nimeshainywa, jua lilikuwa kali, na karatasi za kumsimamisha zilikuwa nyingi. Nikamwambia, "Uwe mwangalifu, bwana." Akasema atakuwa.

Wiki tatu baadaye, akiwa na watu wengine watatu, aliingia kwenye wingu na kuugonga mlima. Tulipanda msituni na wanakijiji tangu alfajiri, tukafika mchana. Sitawaeleza tulichokikuta. Nitasema tu kwamba kulikuwa na kikapu cha machungwa, kizima, na machungwa yote yalikuwa ndani yake. Mzee Mhina alikuwa amekaa kwenye mzizi akihema. Hakupandisha sauti.

"Ulijua kwamba anabeba watu wa kulipa?"

"Nilijua, mzee."

Alivua kofia yake akaikunja, akaivaa tena. Hakuniuliza kitu kingine, siku ile wala siku nyingine.

Tangu hapo nikawa mtu mwingine. Marubani walinipachika jina la Bwana Hapana, na sikulichukia. Nilisimamisha ndege ya mbunge. Nilisimamisha ndege ya mchungaji, Jumapili, mbele ya waumini wake. Nikiona dalili ya kusitasita ndani yangu, nilikumbuka machungwa.

Sasa nifike Mtae.

Wenyeji wa milima hii mnakujua. Wengine niwaambie kwamba Mtae ni kijiji kilicho mwisho kabisa wa safu ya milima, juu ya ukingo, nyumba zikichungulia tambarare iliyo mbali sana chini. Barabara ya kuja Lushoto ni ndefu na mbovu, na mvua ikinyesha hakuna anayekuahidi kufika. Lakini ukishuka kwa miguu moja kwa moja, kwa njia ya mawe, baada ya saa mbili hivi unafika kwenye shamba la mkonge, na shamba lile lilikuwa na kiwanja cha nyasi na ndege moja ya kumbeba meneja na vipuri vyake.

Rubani wake aliitwa Yonathani. Alikuwa Msambaa mwenzangu, mtoto wa Walutheri wa Mlalo, mpole, mwenye leseni binafsi. Aliniita kaka. Nilikwenda kukagua kawaida tu, nikakuta banda safi, sakafu imefagiliwa, na ukutani magunia matatu ya viazi na debe la mapeasi.

"Siku hizi shamba la mkonge linalima viazi?" nikamwuliza.

Akatabasamu kwa shida. "Ni vya watu wa juu, kaka. Wanaleta."

"Wanaleta kwa nini?"

Nilifungua kitabu cha safari, kisha nikasoma saa za injini kwenye mita yake. Mita ilikuwa imekwenda mbele ya kitabu kwa saa nyingi sana. Nikamgeuzia kitabu.

"Wagonjwa," akasema. "Wanawashusha kwa machela. Wakati mwingine wanafika hapa mtu amebakiza pumzi mbili. Nawapeleka hospitali mjini, dakika thelathini na tano. Siwadai kitu. Wanaleta wenyewe viazi, wiki inayofuata. Nikikataa wanaona nimewadharau."

"Kwa nini hukuandika safari hizo?"

"Nikiandika, utaniuliza niliruka kwa sababu gani."

"Ningekuuliza, ndiyo."

"Basi ndiyo maana sikuandika."

Nilimpenda kwa jibu lile, na nilikasirika. Kwa sababu hakuandika, injini ilikuwa imepita muda wake wa kufunguliwa zamani. Nikafuta chini yake, tambara likatoka jeusi. Tukakata chujio la oili, na ndani mlikuwa na chembe za chuma zinazong'aa, kama vumbi la mnoa visu. Nilichukua cheti cha kuiruhusu ndege kuruka nikakitia kwenye mkoba wangu.

"Na wagonjwa?" akauliza.

"Fungua injini. Badilisha silinda mbovu. Kisha uombe kibali cha kubeba wagonjwa, kwa rubani mwenye leseni inayofaa. Meneja wako akulipie masomo. Karatasi zikifika ofisini nitazisukuma mwenyewe. Nakuahidi."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa ameniamini.

Fundi wa shamba alipata silinda iliyotoka kwenye injini nyingine, na kwa silinda ya namna hiyo alihitaji idhini yetu ya maandishi kabla ya kuifunga. Wakaandika barua, ikafika mezani kwangu. Niliisoma. Ilikuwa sawa, ila kiambatisho kimoja kilikosa mhuri wa karakana. Ningeweza kupiga simu, wakanitumia kingine mchana uleule. Niliiweka pembeni, nikijiambia nitapiga kesho. Ikaja semina. Ikaja ripoti ya robo mwaka. Barua ikakaa mezani kwangu siku tisa, juu yake zikalala nyingine mbili.

Siku ya tisa, asubuhi, simu ikalia.

"Kaka, shikamoo." Ilikuwa sauti ya Yonathani, na ilikuwa juu.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nina mama hapa kiwanjani. Uchungu ulimshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na sasa anatoka damu. Wamemshusha kwa machela. Hawakujua kwamba ndege imesimama. Nipe neno tu, kaka. Usiandike popote. Anga ni nyeupe, hakuna hata wingu."

"Injini umeifungua?"

"Nasubiri barua yenu. Silinda iko hapa, ndani ya boksi."

Niliiangalia barua. Ncha yake ilikuwa inaonekana chini ya zile mbili.

"Yonathani, injini hiyo ina chuma ndani ya oili. Ikifa angani utawaua wote, na wewe."

"Na nikikaa hapa?"

"Natafuta ndege nyingine. Usizime simu yako."

Nikapiga simu Moshi kwa watu wa ndege za kukodi. Walikuwa na moja. Mpaka ijazwe mafuta na kufika ilihitaji saa moja na dakika arobaini; nikawaambia waitume. Nikampigia Yonathani, lakini aliyepokea alikuwa mtu mwingine.

"Shikamoo mkuu. Mimi naitwa Hosea, ni mwalimu huku Mtae. Huyu ni mke wangu. Naomba."

Aliomba kwa neno hilo moja. Nikamwambia, "Ndege inakuja, mwalimu. Iko njiani."

Rubani wa Moshi alitua kwa muda alioahidi. Alinipigia akiwa bado kiwanjani. Mama alikuwa amefariki robo saa kabla, chini ya kivuli cha banda, na mtoto hakuzaliwa. Akaniuliza, "Sasa nirudi mtupu, mkuu?" Nikamwambia arudi.

Mchana ule niliitoa barua, nikampigia fundi simu, akanitumia kiambatisho kwa faksi, nikasaini. Jumla ilikuwa dakika nne. Najua, kwa sababu nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani ili nisitazame kitu kingine.

Injini ilipofunguliwa nilikuwepo. Fundi alinionyesha silinda ya zamani. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikamwuliza kama ingefika mjini. Aliigeuza mkononi, akafikiri. "Ingeweza kufika," akasema. "Ingeweza pia kuwaangusha hapohapo kwenye mkonge." Mpaka leo hilo ndilo jibu nililo nalo.

Ripoti ilisema uamuzi wangu wa kuzuia ndege ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi. Walinifanya mfano kwenye mafunzo, na baadhi yenu mlikuwemo, mkaandika kwenye madaftari. Kuhusu barua hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema. Mhuri wa kupokelewa ulikuwa juu yake na tarehe yake. Yeyote angeweza kuhesabu. Watu wakishasifu hawahesabu.

Yonathani alipata leseni na kibali. Alibeba wagonjwa kihalali kwa miaka miwili, kisha akaacha kazi ghafla, akarudi Mlalo kutengeneza pampu za maji na pikipiki. Nilisikia tu.

Mtu mmoja nilimweleza: Mzee Mhina, alipokuwa mgonjwa kwake Muheza, miezi michache kabla hajafariki. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia yote, pamoja na siku tisa. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Unaniambia mimi ili iweje?" akauliza.

"Sijui, mzee. Inanisumbua."

"Mimi sikubeba machela, Zakaria. Wako waliobeba."

Hata baada ya maneno hayo nilikaa miaka. Nilijiambia nina kazi. Nilipostaafu sababu ile ikaniishia, na mwezi uliopita nikapanda basi la Mtae.

Nilimkuta Mwalimu Hosea kwenye shamba lake la kabichi nyuma ya nyumba. Sasa ni mwalimu mkuu, nywele nyeupe pembeni. Hakuoa tena. Tukaamkiana kwa Kisambaa, akaniuliza mimi ni wa wapi, nikasema Lushoto. Nikamwambia jina langu, na kwamba siku ile mtu wa kwenye simu alikuwa mimi.

Aliweka jembe chini. "Karibu ukae," akasema, na akabaki amesimama.

Nikamweleza. Habari ya injini alikuwa ameambiwa, akadhani ni kisingizio. Barua hakuambiwa. Nilipofika kwenye siku tisa alinikatiza.

"Ilihitaji nini, hiyo barua?"

"Simu moja na saini yangu."

"Muda gani?"

"Dakika nne."

Aling'oa gugu kati ya kabichi zake, akalitupa. "Kwa nini umekuja leo, siyo mwaka ule?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kufukuzwa kazi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulisubiri mpaka wasiweze kukufukuza."

Nilitaka kuomba radhi, na niliomba, lakini aliinua mkono kama mwalimu anayenyamazisha darasa.

"Unajua mimi nimemchukia nani miaka yote hii?" akasema. "Yonathani. Nilidhani aliogopa kupoteza leseni yake. Siku ile nilimpigia magoti kwenye nyasi, akawa analia tu, haingii kwenye ndege. Kwenye msiba alikuja na mke wake, nikasema mbele ya watu kwamba asikaribie kaburi. Tunasali usharika mmoja tukienda Mlalo kwenye mikutano. Akiingia mlango huu, mimi natoka ule."

"Sikujua hilo, mwalimu."

"Ungejuaje? Hukuja." Akaingia ndani, akarudi amevaa koti na viatu. "Twende. Utayasema tena mbele yake."

Tulichukua pikipiki mbili mpaka Mlalo. Njia nzima sikuona ila mgongo wake mbele yangu, umenyooka.

Yonathani alikuwa amechuchumaa kwenye kibanda chake karibu na soko, pampu imefunguliwa mbele yake juu ya gunia. Aliponiona alisimama. "Kaka, shikamoo." Kisha akamwona aliye nyuma yangu, na mikono yake ikashuka.

Nikasimulia mara ya pili. Ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Nilipomaliza, Yonathani alichukua tambara akafuta vidole vyake, kimoja kimoja.

"Nilijua, kaka," akasema.

"Ulijua nini?"

"Zile siku tisa. Nakala ya barua ilirudi shambani na mhuri wenu. Tarehe naisoma."

Mwalimu Hosea alisogea mbele. "Ulijua, na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwalimu? Kwamba kosa ni la mtu wa mjini? Na mimi niliyeficha saa za injini? Ningeziandika tangu mwanzo, ingefunguliwa mapema, na siku ile ningeruka." Akaitazama pampu yake. "Halafu ulikuwa na uchungu mkubwa. Niliona afadhali uwe na mtu wa karibu wa kumlaumu."

Sokoni watu walikuwa wananunua na kuuza. Mama mmoja alipita akauliza kama pampu yake iko tayari, Yonathani akamwambia arudi kesho.

Ninyi mtakaokaa kwenye kiti changu, msinielewe vibaya. Zuieni ndege mbovu. Nikirudishwa siku ile, injini ile nitaizuia tena. Lakini mkimzuia mtu asiruke, deni la kazi linahamia mezani kwenu. Karatasi yake ifungueni siku ileile inapofika, maana mpaka muisaini, wagonjwa wake ni wenu.

Mwalimu Hosea alikaa kwenye benchi la kibanda. Aliokota nati iliyodondoka kwenye pampu, akairudisha juu ya gunia. Kisha akamwambia Yonathani, kama Msambaa anavyomwita mwenzake, "Mgosi, umekula?"

"Bado."

"Twende tukale."

Yonathani akafunika pampu kwa gunia. Wakaondoka wakipita katikati ya soko, wakitembea sambamba. Hawakuniita, nami sikuwafuata. Niliingia kwenye basi la Lushoto, nikakaa dirishani, nikasubiri lijae.